Kusafisha na Kurekebisha Distributa ya Gari la Zamani Nyumbani

Msimu wa masika, hapa Kisumu kuna magari yanayowaka saa sita mchana na kugoma saa kumi na mbili asubuhi. Betri ni ile ile, petroli ni ile ile. Kilichobadilika ni unyevu. Hewa ya ziwani imelala usiku kucha juu ya kepu (kifuniko) ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, imechanganyika na vumbi na mvuke wa mafuta, na ule umeme wa maelfu ya volti uliopaswa kufika kwenye plagi umepata njia ya mkato kuelekea kwenye chuma cha injini. Mwenye gari anapiga stata hadi betri inalala. Fundi akiitwa anafika saa nne, jua limeshakausha kila kitu, gari linawaka mara moja, analipwa, na kesho asubuhi hadithi inaanza upya.

Mimi nina pikapu ya Datsun 1200, yenye ile injini ndogo ya A12, na distributa yake nimeifungua mara nyingi kwenye meza ya nyuma ya nyumba. Vipimo nitakavyotaja ni vya gari hilo. Lakini kazi yenyewe haitofautiani sana na ya Corolla za zamani, Peugeot 404 na 504, Land Rover za petroli au Volkswagen Beetle, mradi distributa iwe ya pointi, yaani vile vyuma viwili vidogo vinavyofunga na kukata umeme. Wewe tafuta vipimo vya gari lako kwenye kitabu chake kabla ya kuanza.

Nianze na ombi moja: usinunue kipuri chochote kabla hujasafisha na kupima. Distributa haifi haraka. Nimeona watu wakiitupa iliyotengenezwa vizuri, ambayo ilihitaji kuoshwa na kubadilishwa waya wa urefu wa kidole, wakafunga mpya ya bei rahisi ambayo shafti yake inacheza tangu ikiwa kwenye boksi.

Kinachofanyika ndani

Pointi zikifungana, umeme wa betri unapita kwenye koili na kuijaza nguvu ya sumaku. Nundu ya shafti inapozisukuma zifunguke, nguvu hiyo inaporomoka ghafla na koili inatoa cheche kali. Cheche inaingia katikati ya kepu, inapita kwenye kijiti cha makaa, inashuka kwenye rota, na rota inaigawa kwa silinda iliyo zamu. Kondensa iko pale kuzuia pointi zisiungue na kufanya umeme ukatike kwa haraka. Vizito viwili vyenye springi chini ya sahani ya pointi huvuta cheche mbele, yaani itoke mapema, injini inapoongeza kasi, na kile kikopo cha pembeni chenye kiwambo hufanya hivyo pia kwa kutumia mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hizo hufunguka na kufunga mara 100 kila sekunde. Ndiyo maana uchafu mdogo au waya uliolegea kidogo unalitikisa gari zima.

Vifaa

Bisibisi bapa na ya nyota, moja iwe ndogo na yenye sumaku. Spana namba 10 na 12, na spana ya kuzungushia puli ya injini. Fila geji ya milimita, vile vibapa vyembamba vya kupimia mwanya. Tupa ndogo bapa ya pointi. Mswaki uliochakaa, vitambaa vya pamba, spiriti ya dawa, mafuta taa kidogo, mafuta ya injini na grisi inayostahimili joto. Mita ya umeme, au walau balbu ya volti 12 yenye waya mbili. Trei au sufuria pana, kwa sababu skrubu za distributa ni ndogo kama mbegu za papai na zikianguka kwenye nyasi zimekwenda.

Petroli iache mbali na kazi hii. Ni kweli inasafisha, lakini unafanya kazi kwenye kifaa cha kutoa cheche.

Hakikisha kwanza kwamba ugonjwa uko kwenye distributa

Gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa. Chomoa waya mnene wa katikati ya kepu, ushike kwa koleo lenye mpira mzito, ncha yake iwe milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Mtu apige stata. Cheche ya buluu inayolia “ta! ta! ta!” inakuambia koili, pointi na kondensa vinafanya kazi, kwa hiyo shida itakuwa kwenye kepu, rota, waya za plagi au plagi zenyewe. Cheche ya manjano iliyo dhaifu, au kutokuwa na cheche kabisa, inakurudisha kwenye pointi, kondensa na waya mwembamba unaotoka koili. Mwenye kifaa cha moyo asiikaribie kazi hii hata kidogo.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kuliko vyote, nacho hakina gharama. Subiri giza liingie. Zima taa ya nje, fungua boneti, washa injini, kisha nyunyiza maji mepesi sana kwa chupa ya kupulizia, karibu na kepu na waya. Ukiona nyuzi za buluu zikitambaa juu ya kepu kama mizizi ya nyasi, au waya fulani unamwekamweka pale unapogusana na chuma, umeshapata jibu. Mikono yako iwe mbali, na mwenye leso au shati refu akae mbali na feni.

Kuweka alama

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, halafu wanalaumu kipuri. Piga picha kwa simu kutoka pande tatu. Funga utepe kwenye kila waya wa plagi na uandike namba yake. Datsun hii huchoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na rota yake huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu. Peugeot 504 pia ni 1-3-4-2, ila silinda ya kwanza ni ile ya upande wa flaiwili, si ya upande wa radieta. Volkswagen Beetle ni 1-4-3-2.

Toa plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, na uzungushe injini kwa spana kwenye puli kufuata mwelekeo wake wa kawaida. Utahisi upepo unakisukuma kidole. Endelea polepole hadi alama ya puli ifike kwenye sifuri. Fungua kepu: rota iwe inaelekea kwenye waya namba 1. Ikiwa inaelekea namba 4, hujakosea sana. Pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, kwa hiyo zungusha injini mzunguko mmoja kamili.

Sasa kwaruza alama ndogo kwenye ukingo wa distributa pale rota inapoelekea, na nyingine inayovuka kutoka shingo ya distributa hadi kwenye injini. Toa waya wa negativu wa betri. Kuanzia hapa usiizungushe injini tena hadi distributa irudi mahali pake.

Kepu na rota

Osha kepu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ndani na nje, hadi ndani ya matundu ya waya. Ikaushe juani hadi iwe kavu kabisa, kisha ipanguse kwa spiriti. Sasa itazame kwenye mwanga wa pembeni. Unachotafuta ni mstari mweusi mwembamba kama unywele unaotoka kwenye chuma kimoja hadi kingine, au kushuka hadi ukingoni. Mstari huo ni plastiki iliyogeuka makaa, nayo makaa hupitisha umeme. Ukifuta kwa spiriti na ukabaki pale pale, kepu hiyo imekwisha. Kuukwaruza kwa kisu kutakufikisha nyumbani, hakutakupeleka Kericho.

Vyuma vinne vya ndani vikiwa na ukoko mweupe au wa kijani, kwaruza kwa ncha ya kisu hadi ving’ae, bila kula chuma chenyewe. Kila unachokula kinaongeza mwanya ambao cheche lazima iruke. Bonyeza kijiti cha makaa cha katikati: kiingie na kurudi chenyewe. Kikiwa kimevunjika au kimekwama, cheche inaruka hewani kuifikia rota, na kepu huungua kwa ndani.

Rota nayo igeuze uitazame kwa chini. Alama nyeusi kama tundu la sindano katikati ina maana umeme umeitoboa na unashuka moja kwa moja kwenye shafti. Gari la namna hiyo linaweza kukatisha tamaa kwa wiki nzima, kwa sababu rota kwa juu inaonekana nzima.

Pointi

Legeza skrubu zake, zipokee kwa bisibisi ya sumaku, na uangalie mpangilio wa pete ndogo za plastiki (washa) kwenye waya. Pete moja ikirudishwa upande usio wake, umeme unakwenda kwenye bodi moja kwa moja na gari halitawaka hata ungelisukuma hadi Maseno.

Zifungue pointi chini ya mwanga. Mara nyingi upande mmoja una shimo na wa pili una kichuguu kidogo cha rangi ya kijivu. Chuma kimehama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kikiwa kidogo, ondoa kichuguu kwa tupa hadi nyuso zilingane. Shimo liache, usilifukuze hadi chini. Kichuguu kikubwa kinakuambia ubadilishe pointi, na kwamba kondensa haifanyi kazi sawasawa. Nyuso zikiwa za buluu iliyoungua, tazama kama kuna mafuta au grisi iliyorushwa juu yake. Msasa usiutumie, chembe zake hubaki kwenye chuma. Maliza kwa kitambaa chenye spiriti, kisha vuta kipande cha karatasi safi katikati ya pointi zilizofungana hadi kitoke bila doa.

Kwa kondensa, iguse kwa mita ya sindano upande wa kupima ukinzani: sindano iruke mara moja na irudi. Mita inayopima kapasita isome karibu mikrofaradi 0.2. Na ikiwa kondensa yako ya zamani inapima vizuri, usiibadilishe eti kwa sababu unabadilisha pointi. Nyingi zinazouzwa sasa ni dhaifu. Mimi hufunga ya zamani na kuweka mpya kwenye gari kama akiba.

Waya mdogo uliotupotezea miezi miwili

Hapa nitakaa kidogo. Pikapu yangu iliwahi kupata ugonjwa wa ajabu: tambarare ya Ahero inakosa na kurukaruka, nikianza kupanda kuelekea Kericho inavuta kama imezaliwa jana. Fundi mmoja aliniambia, “Mzee, hii ni kabureta tu.” Kabureta ikafunguliwa mara mbili, na mara mbili nikalipa. Mwishowe nikampelekea fundi mmoja wa makamo pale jua kali ya Kibuye. Hakufungua chochote. Aliiacha injini ikinguruma polepole, akachomoa upande wa kabureta kipaipu cha mpira kinachokwenda kwenye kile kikopo cha distributa, akanipa. “Vuta kwa mdomo.” Nikavuta, injini ikazima papo hapo.

Ndani ya distributa kuna waya mwembamba unaounganisha sahani ya pointi na bodi yake, na mwingine unaoingiza umeme kwenye pointi. Sahani hiyo inasogea kila kiwambo kinapovutwa, na waya zinakunjwa nayo kwa miaka. Mmoja wangu ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, huku nje ukionekana mzima. Nikienda tambarare na mguu mwepesi, mvuto wa hewa ni mkubwa, sahani inasogea, waya unaachana. Nikikanyaga mafuta kupanda mlima, mvuto unapungua, sahani inarudi, waya unagusana tena. Ilikuwa ni hivyo tu.

Kwa hiyo fanya jaribio hilo la mdomo hata kama gari lako halilalamiki. Ukivuta, sahani isogee. Ukiziba kwa ulimi, ibaki palepale. Ikirudi polepole, kiwambo kimepasuka. Kisha pima kila waya kwa mita huku ukiukunja huku na huku. Ukibadilisha, tafuta waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu waya mgumu wa nyumba utakatika tena baada ya muda mfupi.

Kuitoa na kuangalia shafti

Legeza bolti inayoshika bati la distributa kwenye injini, si ile ya kubana shingo yenyewe. Ukifanya hivyo, taiming yako ya zamani, yaani wakati wa cheche kutoka, inabaki karibu na pale ilipokuwa. Ivute juu huku ukiitikisa taratibu. Kwenye magari ambayo distributa ina gia ya meno ya mshazari, rota itazunguka kidogo inapotoka. Weka alama ya pili pale ilipoishia. Ziba tundu kwa kitambaa.

Shika ncha ya shafti, isukume pembeni huku na huku. Mchezo ukihisika waziwazi, bushi, zile pete zinazoshika shafti, zimekwisha, na hakuna pointi mpya itakayokusaidia. Hata ukipanga mwanya wa pointi vipi, utabadilika kila mzunguko. Uhakika upate kwa fila geji: pima mwanya kwenye nundu zote nne. Tofauti ikizidi milimita 0.05, shafti inayumba.

Bushi si kazi ya mezani. Peleka kwa mkerezaji mwenye mashine nzuri, Kisumu na Nakuru wapo, na umwombe shaba ile yenye vitundu vya kunyonya mafuta. Ilaze kwenye mafuta ya injini usiku mzima kabla haijafungwa. Kabla ya kutoa ile pini ya chini, weka alama kwenye shafti na kwenye kidude inachokishikilia, kwa sababu vinaweza kurudi vikiwa vimegeuzwa nusu mzunguko. Nundu za juu nazo zina hatari hiyo hiyo.

Vizito na springi, sugua kwa mswaki na mafuta taa hadi vicheze bila kukwama, kausha, weka tone moja la mafuta kwenye kila kiegemeo. Springi mbili mara nyingi hazilingani kwa makusudi, moja nyepesi, moja nzito, nyingine hata imelegea. Usizinyooshe, usizibadilishane, usimsikilize anayekuambia uzifananishe. Magari ya upande wa Nakuru na Gilgil huja na vumbi jeupe laini ambalo likikutana na mafuta linakuwa kama udongo wa kufinyangia, na nimewahi kukuta vizito vimeshikana kabisa. Gari la namna hiyo linawaka vizuri na kunguruma vizuri, lakini barabarani halina nguvu.

Kuirudisha na kupanga mwanya

Badilisha mpira wa duara wa shingoni, urudishe distributa kwa alama zako, ubane bolti kidogo tu. Paka grisi kwenye nundu, kiasi cha punje moja ya mchele. Ikizidi itarushwa kwenye pointi. Matone mawili ya mafuta kwenye kitambaa kilicho chini ya rota.

Zungusha injini hadi kisigino cha pointi, kile kipande kinachosukumwa na nundu, kikae juu kabisa ya nundu. Kwa Datsun 1200, mwanya ni milimita 0.45 hadi 0.55. Peugeot na Beetle ni kama 0.40. Blade ya fila geji ipite ikiburuta kidogo, kama karatasi unayoivuta katikati ya kitabu kilichofungwa. Kaza skrubu, halafu pima tena, kwa sababu kukaza kunausogeza.

Mwanya unapangwa kabla ya taiming, daima. Ukiupanua, pointi zinafunguka mapema na taiming inakwenda mbele. Ukiubana, inarudi nyuma.

Taiming kwa balbu

Rudisha betri. Unganisha balbu kati ya waya mwembamba wa distributa na bodi ya gari. Sogeza puli hadi alama ya nyuzi ambazo kitabu cha gari lako kinataka kabla ya sifuri. Washa swichi, legeza shingo, na uzungushe distributa kwanza kufuata upande wa rota hadi balbu izime, kisha irudishe taratibu kinyume chake. Pale balbu inapowaka tu, simama ukaze. Hakikisha kwa kuizungusha injini mizunguko miwili kwa mkono: balbu iwake alama inapofika. Swichi usiiache ikiwa imewashwa wakati pointi zimefungana, koili itachemka.

Rudisha rota, kepu na waya kwa namba zake. Ikiwaka, peleka gari mlimani: Riat kwa wa Kisumu, barabara ya Menengai kwa wa Nakuru. Panda kwa gia ya tatu huku ukikanyaga. Ukisikia mlio kama kokoto kwenye kopo, taiming imekwenda mbele mno, geuza distributa kidogo sana kufuata mwelekeo wa rota. Likiwa zito na linachemka, geuza kinyume. Nakuru iko juu zaidi ya Kisumu kwa kama mita 700 na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo gari lililopangwa kule likiwa ukingoni linaweza kuanza kugonga likiteremka huku ziwani. Ukisafiri kati ya miji hii, panga ukiwa Kisumu.

Pointi mpya zikaguliwe baada ya kilomita 500, maana kisigino huchakaa haraka mwanzoni na mwanya hujibana. Baada ya hapo kila kilomita 5,000 inatosha. Kwenye gari weka rota moja ya akiba, kondensa iliyopimwa, kitambaa kikavu na fila geji, vyote kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri unyevu usiingie.